Krismasi uchagani: mbege, kreti za bia au wine ya Dodoma? Zamu ya vinywaji imeniangukia

#1 Mrombo wa Mbagala
Wakuu salaam. Tunakwenda kuhesabiwa Rombo kama kawaida yetu, ukoo mzima, na kikao cha familia kimeshagawa kazi: kaka mkubwa mbuzi, dada mchele na mafuta, mimi vinywaji. Nilijiona nimepona, mpaka nilipokaa kuandika orodha. Mzee hagusi kitu zaidi ya mbege na Safari, na Safari yenyewe anaitaka ya moto. Mashemeji wa Dar ni Castle Lite na Serengeti Lite, na iwe baridi mpaka chupa itoke jasho. Kina shangazi wanataka wine "ile tamu". Vijana wa ukoo wakisikia neno Konyagi hawalali.

Maswali mawili. Kwanza, mngekuwa mimi mngegawaje hela? Pili, mwaka jana walioanza na mbege mchana wakahamia kwenye bia jioni waliamka tarehe 26 vichwa vinapasuka. Waliokomaa na kitu kimoja walikuwa wanakunywa mtori kwa raha zao. Ni kule kuchanganya, au kuna jambo jingine?

#2 Kiti cha Mbele
Nimeshafika. Endeleeni.

#3 Mzee wa Jumla
Mkuu, kabla ya kujiuliza bia gani, jiulize kreti tupu unazo? Watu wanatoka Dar wanajua bei ya bia tu, wakifika dukani wanaambiwa walipie na amana ya chupa na kreti. Bajeti inakatika hapohapo. Zungukia majirani wiki moja kabla, azima kreti zenye chupa zake, andika za nani ni ngapi. Na nunua Moshi mjini wakati wa kupanda. Kule juu tarehe 24 utapewa kilichobaki, siyo unachotaka.

#4 Mamaa wa Marangu
Kaka yangu, hao wa bia watakuchelewesha. Mbege ndiyo ya kupanga mapema, bia hata tarehe 23 utaipata. Mbege ya Krismasi haianzi Krismasi.

Ndizi zikatwe na kuvundikwa karibu tarehe 10 hivi, ziive vizuri, kwa sababu ndizi iliyoiva nusu haina sukari ya kutosha na utalaumu mpishi. Zikishaiva zinamenywa, zinachemshwa masaa mengi mpaka rangi iwe kahawia ya kuelekea wekundu, halafu zinaachwa siku kadhaa zichache na zianze kuumuka. Hapo ndipo mnakamua na kuchuja, mkapata ile nyangi. Pembeni ulezi uwe umeshaota, umekaushwa na kusagwa. Huo unapikwa uji, unawekewa magome ya mti wa msesewe kwa ajili ya uchungu, unapoa, ndio mso. Mso na nyangi vikikutana leo, kesho watu wanakunywa. Kwa hiyo kuchanganya ni tarehe 24. Ukichanganya 22 ili "uwahi", siku ya sikukuu utawanywesha wazee siki.

Na umlipe anayepika. Kila mwaka mnapiga hesabu za kreti kwa kalkuleta, halafu bibi anakesha jikoni na moshi mnamwambia "asante mama". Kuni zina bei, ulezi una bei, mgongo wake una bei.

#5 Meku Mstaafu
#4 umesema yote. Naongezea moja: usikubali dumu la mbege la kununua barabarani usiku wa 24. Wengine wanaongeza maji na sukari wakiona wateja wamekuwa wengi. Mbege ya kweli ukiiacha kwenye kata dakika chache ulezi unashuka chini, na ukitikisa inarudi nzito. Ya maji utaijua tu.

#6 Nshomile Halisi
Mnajisifu bure. Hiyo mbege ni rubisi yetu ya Kagera iliyohamia mlimani ikapewa jina jipya. Ndizi ni ndizi.

#7 Mamaa wa Marangu
Nshomile, tuache kidogo. Rubisi hamchemshi ndizi. Mnazikamua mbichi na majani, kwa miguu au kwa mikono, juisi inaingia kwenye mtumbwi wa mti, mnatia mtama uliokaangwa na kusagwa, kesho yake mnaanza. Sisi tunachemsha, tunatumia ulezi ulioota, tunatia msesewe. Vitu vinavyofanana hapo ni mgomba na walevi.

#8 Nshomile Halisi
"Zinakamuliwa mbichi" hapana dada. Zinaivishwa kwanza kama zenu. Labda useme hazipikwi.

#9 Mamaa wa Marangu
Haya, hazipikwi. Uchungu bado hamna.

#10 Dokta wa Mtaa
Turudi kwenye kichwa cha tarehe 26. Kuchanganya hakuna kosa lolote, kosa ni jumla. Fanya hesabu ndogo. Safari ni asilimia 5.5, chupa ya nusu lita ina kama mililita 27 za kilevi chenyewe. Konyagi ni asilimia 35, kile kichupa cha mililita 200 kina mililita 70. Maana yake kijana aliyemaliza kichupa kimoja cha Konyagi amekunywa sawa na Safari mbili na nusu, na anaona bado "hajaanza". Mbege nayo haina kibandiko. Ya tarehe 25 asubuhi na ya tarehe 25 jioni siyo kinywaji kilekile, inaendelea kupanda. Mtu anakunywa tangu saa tano asubuhi bila kuhesabu, saa moja usiku anafungua bia ya "kwanza". Hiyo siyo ya kwanza.

#11 Mtu wa Aarhus
Namuunga mkono #10. Kuna utafiti wa Ujerumani uliotoka 2019, watu 90. Wengine walipewa bia kwanza kisha wine, wengine wine kwanza kisha bia, wengine kitu kimoja tu. Baadaye wakabadilishana zamu. Hangova ilikuwa ileile bila kujali mpangilio. Dalili zilizowatabiria vizuri ni mtu mwenyewe kujisikia amelewa, na kutapika.

#12 Meku Mstaafu
Hao Wajerumani walikunywa mbege?

#13 Mtu wa Aarhus
Hapana mzee, bia na wine nyeupe.

#14 Meku Mstaafu
Basi utafiti haujafika Rombo.

#15 Mjukuu wa Mganga
Tatizo ni msesewe. Ule mti ni dawa, jamaa. Ni ukoo mmoja na mmea wa India uliotoa reserpini, dawa ya zamani ya kushusha presha. Ukinywa mbege nyingi tangu asubuhi na ukatia bia juu, presha inashuka, kichwa lazima kiume. Bibi yangu alikuwa anasema mtu mwenye presha ya kushuka akae mbali na mbege yenye msesewe mwingi.

#16 Sugu Kimara
Mimi niliambiwa msesewe ndio mkwinini na mbege inatibu malaria. Kwa hiyo kichwa kinauma kwa sababu umepona.

#17 Dokta wa Mtaa
Sugu, mkwinini ni mti mwingine kabisa, asili yake Amerika ya Kusini. Msesewe una uchungu tu ndio maana watu wanaufananisha. Malaria nenda kapime.

Na #15, sikatai kwamba mti una kemikali zake, ila kiasi kinachoingia kwenye pipa zima ni kidogo na kila mpishi ana kipimo chake. Kama ni msesewe, wale waliokunywa mbege peke yake kutwa nzima wangekuwa wa kwanza kulala chini. Mleta mada amesema walikuwa wazima.

#18 Mjukuu wa Mganga
Wamezoea. Wazee wamekunywa tangu utoto. Wanaoumwa ni nyie wa Mbagala mnaokunywa mara moja kwa mwaka.

#19 Shemeji wa Kipare
Mimi ni mkwe huko, nimeoa Machame, naongea kama shahidi. Kichwa kinatokana na kutokula. Ukifika unapewa kata ya mbege kabla hujakaa. Ukimaliza, nyumba ya pili, kata nyingine. Nyama inachomwa tangu asubuhi lakini inaiva saa tisa, na ikiiva inaanza kwa wazee, kila mtu na sehemu yake kwa daraja. Mkwe nilikuja kupewa yangu nimeshaanza kuimba. Siku hizi nakula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kabla ya kutoka mlangoni, na tarehe 26 nahudhuria ibada vizuri.

#20 Kiti cha Mbele
Shemeji, huo wimbo ulikuwa upi?

#21 Shemeji wa Kipare
Wa harusi yangu mwenyewe. Tuendelee.

#22 Ndugu wa Lushi
Bandugu jambo. Huku Lubumbashi Noeli ni bia za Simba na Tembo. Simba ya rangi ya kawaida, Tembo nyeusi na nzito kidogo, na ukichanganya hizo mbili kwenye glasi moja hakuna mtu anashangaa, na hakuna mtu anaumwa kichwa kushinda jirani. Watoto na mama wanapewa munkoyo, ule wa mahindi na mizizi, wa jana tu, haujakuwa mkali. Kitu kinachotuumiza sisi ni lutuku. Mtu akiishiwa na pesa ya Simba anaenda kwa lutuku, hapo unaanza kutafuta gari ya hospitali.

#23 Dokta wa Mtaa
Asante #22, hilo la lutuku lisipite hivihivi. Gongo ya huku ni vilevile. Haina kipimo, hujui aliyepika alitupa kile kinachotoka mwanzo au alikichanganya. Mtu akilalamika macho hayaoni vizuri baada ya kunywa, msimzimue, mkimbizeni hospitali.

#24 Mama Wawili Kinondoni
Mleta mada usiwasahau kina shangazi. "Ile tamu" maana yake Dompo, hawataki mchezo mwingine. Usiwaletee wine kavu ukajifanya mjuzi, watakunywa kwa adabu halafu jioni utasikia unasemwa jikoni. Lakini kama una wageni wanaopenda wine ya mezani, ya Dodoma ipo nyekundu na nyeupe, na zabibu kule zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo haina haja ya kulipia chupa iliyokuja kwa meli. Nyeupe iweke baridi. Nyekundu ukiiacha kabatini Dar, kwa joto la Desemba ni uji, iweke kwenye friji nusu saa. Kule Rombo juu haina shida, kibaridi cha nyumbani kinatosha.

#25 Mtu wa Aarhus
Huku Denmark wanaipasha kabisa wine nyekundu, wanatia mdalasini, karafuu na maganda ya chungwa. Isichemke tu, kilevi kinaruka kwenye nyuzi 78, maji bado. Kwa baridi ya Rombo usiku, chupa moja ya nyekundu ya Dodoma na karafuu za Zanzibar ingetoa kitu. Na bia wanayo ya Krismasi peke yake. Tuborg wana Julebryg, asilimia 5.6, inatoka Ijumaa ya kwanza ya Novemba saa 2:59 usiku, watu wanasubiri baa kama wanasubiri matokeo ya kidato cha nne. Sikukuu ikiisha na yenyewe inapotea.

#26 Mzee wa Jumla
Sisi bia yetu ya Krismasi ni ileile ya Machi, ila bei ndiyo inavaa nguo mpya.

#27 Mlevi Mstaarabu
Mimi nina nadharia ya nne kuhusu kichwa: bia yenyewe ilikuwa imeharibika. Kreti zinakaa nje ya duka juani kutwa. Mwanga wa jua unaharibu ile hopsi inayoipa bia uchungu, bia inatoa harufu ya ajabu. Chupa ya kahawia inakinga, ya kijani haikingi vizuri. Mwaka jana nilipewa ya kijani iliyokaa juani, ilinuka kama fungo. Nikamrudishia muuzaji, akaniambia ndiyo ladha ya ughaibuni.

#28 Dokta wa Mtaa
Harufu ni kweli, na sababu ni hiyo ya mwanga. Ila bia iliyonuka haiongezi hangova. Inaongeza hasira.

#29 Mlevi Mstaarabu
Dokta, mimi ilinitoa vyote viwili.

#30 Nyanda wa Ziwa
Hivi kwa nini hakuna aliyetaja Balimi? Mnajadili Lite Lite. Kanda ya ziwa ukiweka Balimi na sato wa kuchoma uzi unafungwa.

#31 Mrombo wa Mbagala
Nyanda, nikipandisha Balimi Rombo mzee atauliza nimeoa Usukumani lini.

#32 Nyanda wa Ziwa
Ungekuwa umefanya la maana.

#33 Mwalimu Njombe
Na ulanzi je? Mvua zimeanza, mianzi inaanza kugemwa. Asubuhi ukiutoa kwenye mbeta, kile chombo cha kugemea, ni mtamu hata mtoto anakunywa, jioni ni kitu kingine. Huku Krismasi tunaufungulia msimu. Hauna mapishi, hauna kuni, unakata ncha ya mwanzi na kusubiri. #4 angejua angehamia.

#34 Mamaa wa Marangu
Mwalimu, kinywaji kisichokuwa na kazi hakina heshima.

#35 Jirani Muislamu
Naomba nichangie kwa niaba ya wageni mnaotualika kila mwaka. Tunakuja kwa mapenzi, tunakula pilau ya upande wetu, halafu tunapewa soda moja ya moto tangu saa sita. Mrombo, tenga pesa ya juisi. Ukwaju, rozela, tangawizi ya nyumbani iliyokamuliwa ndimu. Ndoo ya barafu iwe ya peke yake, msituchotee kutoka beseni la bia, na vikombe visiwe vile vya mbege vilivyosuuzwa haraka. Harufu haitoki, ndugu zangu. Na hiyo juisi ikiwepo, mtaona hata wanywaji wenu wanaipitia katikati.

#36 Dokta wa Mtaa
Post ya maana kuliko zote. Glasi ya maji au juisi kati ya bia na bia, pombe inakufanya ukojoe kuliko ulichoingiza. Hiyo ni nadharia ya tano na ndiyo yangu.

#37 Mjukuu wa Mganga
Dokta umeanza na jumla, sasa maji. Chagua moja.

#38 Dokta wa Mtaa
Mwili haunichagulii moja.

#39 Wa Loitokitok
Wasalimiwe wote kutoka upande wa pili wa mlima, Kenya. Sisi Krismasi ni Tusker, na kwa wazee ni muratina: asali au juisi ya miwa, na lile tunda la mwegea lililopasuliwa na kukaushwa. Hilo tunda mtu halili. Kazi yake ni kubeba chachu ya pombe ya nyuma kuipeleka kwenye mpya, ndiyo maana tunda la zamani lina thamani kuliko jipya. Tusker mjue jina lake lina msiba ndani yake. Kampuni ilianza 1922, mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu akiwinda, na bia ikapewa jina la ndovu huyo.

#40 Sugu Kimara
Kwa hiyo nanyi mnakunywa matanga?

#41 Wa Loitokitok
Ya baridi, ndiyo.

#42 Fundi Friji
Upande wa baridi, kwa sababu umeme tarehe 25 siwezi kukuahidi. Tafuta pipa au beseni kubwa, barafu ya mabonge ivunjwe, maji yajae mpaka shingo ya chupa, chumvi ya mawe kilo moja au mbili. Maji ya chumvi yanashuka chini ya sifuri bila kuganda na yanashika chupa pande zote. Barafu bila maji inagusa pembe tu. Robo saa hadi nusu saa unakunywa. Usiweke bia kwenye friza ukaenda kanisani, maji yakiganda yanatanuka, mtarudi kuokota vigae. Na mzee aachiwe Safari yake ya moto, bia ya moto ladha yake inasikika, ya baridi kali ulimi umekufa.

#43 Shangazi Ughaibuni
Nimesoma yote. Hakuna aliyeuliza nani anaendesha gari. Kutoka nyumba hadi nyumba zile barabara za Rombo ni kona na miteremko, na kuna watoto barabarani na nguo mpya. Chagueni dereva mmoja kila siku, huyo ndiye anayekula nyama ya kwanza.

#44 Shemeji wa Kipare
Kwa nyama ya kwanza najitolea kuendesha.

#45 Mrombo wa Mbagala
Asanteni wakuu. Nilichofikia mpaka sasa: nusu ya hela kwa mbege, na mama mpishi analipwa kabla, #4 umenishika pabaya. Safari kreti kadhaa na Lite kidogo, mashemeji wakizimaliza watashuka kwa bia ya Kilimanjaro hawatakufa. Dompo za shangazi. Juisi na ndoo ya barafu ya jirani, peke yake. Konyagi sinunui, anayeitaka aje nayo. Sababu ya kichwa bado naona mnagombana, nitawaangalia ndugu zangu tarehe 25 nione nani anakula na nani hali.

#46 Mjukuu wa Mganga
Angalia na kipimo cha msesewe.

#47 Meku Mstaafu
Konyagi usiponunua wataenda kwa gongo. Heri chupa moja unayoiona, umimine mwenyewe, kuliko usiyoiona nyuma ya migomba.

#48 Shangazi Ughaibuni
#47 hapo sikubaliani nawe mzee. Ukiimimina wewe umeshawafungulia mlango.

#49 Wa Loitokitok
Mrombo, ukipata mbege ya ziada nivushie dumu moja Tarakea. Naomba tu usilifunge kama la mafuta ya taa.

#50 Mamaa wa Marangu
Sikiliza huyo. Mbege bado inatoa hewa njiani. Mfuniko ulegezwe, dumu lisijazwe juu, na liwekwe wima miguuni kwa mtu, siyo kwenye buti chini ya mabegi. Kuna familia walilikaza mfuniko wakawa wananuka kilabu mpaka Himo.